Magauni ya Wifi Yangu

14 Machi

Chiriku wangu,

Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote ukilitafuta. Niko hai, mikono miwili, miguu miwili, na meno yaleyale machache uliyoyaacha.

Barua hii anaichukua dereva wa lori la maji. Mnara wa simu umelala chini kama mlevi na posta haina paa. Amenipa robo saa, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Kimbunga kilitupiga tarehe tano, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa natenga chai ya wageni. Nyumba imesimama, usiniulize kwa nini. Mabati ya upande wa jikoni yameruka na madirisha ya mbele hayapo, ila kuta ziko palepale. Ndiyo nyumba pekee iliyobaki. Chiriku, mtaa haupo. Nikisimama barazani naona moja kwa moja hadi gatini, na gati lenyewe limebaki nguzo. Kiti cha kinyozi, kile cha kuzunguka tulichokuwa tunakugombeza usikichezee, tumekikuta juu ya paa la shule. Shule imebaki madarasa mawili. Tanuri la mama wa mikate lipo, lakini liko peke yake uwanjani kama mtu aliyesahauliwa na basi.

Tumezika watu tisa. Mwalimu wako wa hesabu ni mmojawapo. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta mara mbili.

Nyumbani kwetu sasa tupo thelathini na mmoja. Vyumba vya wageni, namba moja hadi namba tano, sebule, ghala na baraza, kila mahali kuna mtu na godoro lake. Asubuhi foleni ya choo ni ndefu kuliko ya benki.

Jambo jingine. Dirisha la chumba chako lilikuwa la kwanza kuvunjika. Maji yaliingia namba tatu hadi usawa wa kitanda. Sanduku la mama yako limekwenda nayo. Pole, mwanangu.

Usije kwanza. Barabara mbovu, na hapa hakuna pa kukulaza. Nikisema njoo, utakuja.

Dereva anapiga honi.

Shangazi yako

* * *

27 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilinikuta kazini, hapa chumba cha miwani hospitalini, bisibisi mkononi na mzee mmoja mbele yangu akisubiri fremu yake ikazwe. Nilisoma mistari miwili nikaangua kilio. Maskini yule mzee akadhani nimeona kitu kibaya kwenye karatasi ya macho yake. Ilibidi nimtengenezee chai.

Wiki tatu, Shangazi. Wiki tatu redio inasema "maeneo ya pwani" kana kwamba pwani ni mtu mmoja. Nilipiga simu yako hadi yule dada wa "haipatikani" nikamchukia kama jirani mbaya.

Mwalimu wa hesabu nimemlilia. Ndiye aliyenipa jina hili la Chiriku, unakumbuka? Kwa kuongea darasani. Miaka yote najua ulilichukua kwake, nikaacha ujisifu kuwa ni lako.

Sasa sanduku. Nataka niseme kitu kisha tusilirudie. Sikulaumu. Ungefanyaje na maji? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Mama alipofariki, na sijui kama uliwahi kujua nilichokuwa nafanya. Ukienda sokoni nilikuwa nachukua ufunguo kwenye kikombe, nafungua sanduku, naingiza kichwa chote ndani na kufunga macho. Magauni kumi na manne. Nayajua kwa mpangilio wake. La juu kabisa lilikuwa lile la njano la mikunjo, lenye vifungo vitatu vyeupe na cha nne cha shati la mwanamume, kwa sababu cha kwanza kilipotea na Mama alikuwa na haraka. Mshonaji mzima, gauni lake mwenyewe analitia kifungo cha shati! Nilikuwa nacheka peke yangu mle ndani ya sanduku.

Basi. Yamekwenda. Wewe umebaki, na kama bahari ingeniuliza nichague, isingemaliza swali.

Kuhusu kutokuja: nimekusikia. Sijakubali.

Akupendaye,
Chiriku

* * *

9 Aprili

Chiriku,

Nimepata barua yako pamoja na sabuni na dawa. Sabuni imegawanywa vipande kama keki ya harusi, kila mtu chake.

Kuhusu kuja, nakuomba, subiri. Njoo mwezi wa nane. Nzi ni wengi, maji ni ya ndoo, na chumba chako kina familia ya watu sita. Siwezi kuwatoa. Wewe umezoea shuka safi na mlango unaofungwa. Sitaki uuone mtaa wako katika hali hii, ukaondoka na picha hiyo kichwani.

Halafu mimi mwenyewe sina hata muda wa kukaa nawe. Kuanzia alfajiri ni masufuria. Wanawake wa hapa wameniita "Meneja," na si kwa sifa.

Usiandike tena habari za sanduku. Inaniumiza moyo.

Shangazi

* * *

18 Aprili

Shangazi mpendwa,

Hii ni fupi kwa sababu habari zake hazijadiliwi. Hospitali inanituma. Mganga mkuu alipata ripoti kuwa wazee wengi wa huko walipoteza miwani siku ya kimbunga na sasa wanameza dawa bila kuona maandishi ya chupa. Nakuja na sanduku la lenzi za kupimia na ubao wa herufi. Nitapima kila mtu, nitarudi huku kukata lenzi, nitawatumia. Siku nane. Nafika tarehe 2 Mei na gari la hospitali.

Usinitafutie kitanda. Nitalala juu ya meza ya kulia ikibidi. Nilishawahi kulala pale mwaka ule wa surua na hakuna aliyekufa.

Unanificha kitu. Nyumba imepasuka? Unaumwa? Ukiumwa nitajua, nina kazi ya kutazama watu machoni.

Chiriku

* * *

13 Mei

Chiriku wangu,

Nimeandika barua hii siku nne. Naianza, naichana, na karatasi zenyewe ni za kuomba.

Ulikuja kwa siku nane ukaondoka siku ya sita. Ulisema hospitali imekupigia simu. Mwanangu, simu hazishiki huku. Ulisema hivyo mbele ya watu ishirini, na wote ishirini waliangalia miguu yao kwa kunionea haya. Chai yako niliiacha mezani hadi ikafanya utando.

Siku tano za kwanza nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu kabla ya kimbunga. Ulivyoshuka kwenye gari ukasimama pale lilipokuwa duka la kinyozi, ukasimama muda mrefu, kisha ukamwambia mwenyewe, "Leo huna cha kunigombezea." Naye akacheka, Chiriku. Kinyozi alikuwa hajacheka tangu Machi. Ulivyomwekea bibi wa namba tano zile fremu nzito za kupimia, ukabadilisha kioo kimoja, ukabadilisha cha pili, naye akasema, "Kumbe huyu mkwe wangu ana sura nzuri." Watu bado wanaisimulia.

Kisha asubuhi ya siku ya sita ukapakia vitu.

Ni kelele? Ni watoto wa namba tatu waliochora ukuta wako? Au nilikukosea nilipokupa kazi ya masufuria na wewe mgeni? Niambie. Mimi ni mtu mzima, nabeba mengi.

Wazee wanauliza miwani. Nimewaambia Chiriku hajawahi kuahidi kitu akakiacha. Usinifanye mwongo.

Shangazi yako

* * *

29 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Miwani iko kwenye katoni mbili, jumla arobaini na sita. Kila moja ina karatasi yenye jina. Ya bibi wa namba tano na ya dada yake zinafanana kwa fremu, usizichanganye, la sivyo wataanza ugomvi mwingine. Ya kinyozi ni ya kuona karibu. Asimnyoe mtu kabla hajaivaa.

Ya mama wa mikate imo pia. Nitakueleza nilivyompima.

Ilikuwa siku ya tano, saa tatu asubuhi, barazani. Ulikuwa umekwenda kupokea mchele. Watu wote wa nyumba hiyo nilikuwa nimeshawapima, wote wamevaa zile fulana za msaada za bluu, hata nikawaza kuwa mnaonekana kama timu ya mpira. Yeye alikuwa ametoka safari ya kutafuta unga, ameshuka kwenye lori muda uleule. Akaja akakaa kitini, akafuta jasho, akasema, "Haya mdogo wangu, nitazame."

Nikamtazama. Alikuwa amevaa gauni la njano la mikunjo.

Kazi yangu ni ya karibu, Shangazi. Huwezi kumpima mtu miwani ukiwa mbali. Nilimvalisha fremu ya kupimia, vidole vyangu vikapita masikioni mwake, na chini ya kidevu chake kulikuwa na vifungo vitatu vyeupe na cha nne cha shati. Nikamwambia asome herufi. Akasoma. Sikusikia hata moja. Ikabidi nimwambie arudie, akarudia, akaniuliza, "Vipi, nimekosea?" Nikasema hapana. Nikamuuliza gauni lake amelipata wapi. Akasema kwa furaha kabisa, "Shangazi yako ndiye aliyenivalisha kwa mikono yake, siku ileile ya kimbunga. Tuko wengi, ila wenzangu hapa sijui leo wamevaa nini!"

Ndipo nikaelewa zile fulana.

Uliliambia kundi zima la wanawake wayafiche magauni. Kwa siku tano watu ambao nimekua mbele yao walikuwa wananiogopa, na mimi nawapima macho, nacheka nao. Kila mtu alijua ila mimi.

Nililia sanduku lile, Shangazi. Nilikuandikia mambo ya kikombe na ufunguo, mambo ambayo sijamwambia mtu. Ukanijibu nisiandike tena kwa sababu inakuumiza moyo.

Sijui niandike nini tena. Miwani ziwafae.

Mwanao

* * *

10 Juni

Mwanangu,

Umesaini "Mwanao" na si Chiriku. Nimeliona.

Sasa nitakuambia ilivyokuwa.

Upepo ulipoanza, kitu cha kwanza nilichokiokoa ndani ya nyumba hii kilikuwa sanduku la mama yako. Kabla ya vyombo, kabla ya hati za nyumba. Dirisha lilipasuka, nikaingia namba tatu, nikalisukuma hadi ukumbini na kulipandisha juu ya meza ya kulia. Sijui nilipata wapi nguvu, mgongo unaniuma hadi leo. Maji yakaingia, yakaloanisha kila shuka, kila pazia, kila nguo yangu. Yalipoanza kushuka, kitu kikavu kilichobaki ndani ya nyumba nzima kilikuwa kimo ndani ya sanduku hilo.

Kisha watu wakaanza kupanda kuja huku. Chiriku, maji yakimvuta mtu hayamwachii nguo. Mama wa mikate alikuja amejifunga gunia la unga. Mkwe wa bibi wa namba tano alikuwa na mlango, amejifunika mlango. Binti wa kinyozi, miaka kumi na mitano, alijikunyata nyuma ya tangi, hataki kutoka, mvua inampiga, baba yake amempa mgongo na kulia. Wanawake kumi na wawili, kumi na watatu. Wanatetemeka mpaka meno yanasikika.

Ufunguo nilikuwa nimeutoa kikombeni, uko shingoni kwangu. Niliushika nikahesabu hadi kumi. Sijui kwa nini kumi. Kisha nikafungua.

Sasa sikia. Nimekaa siku nyingi nikitafuta njia ya kutoka. Ningeweza kukuandikia kwamba wifi yangu, kabla hajafa, aliniambia, "Haya magauni siku moja uwape wenye shida." Ungeamini, maana lingefanana naye, na sote wawili tungelia vizuri. Lakini hakusema hivyo. Alinishika kifundo cha mkono akasema, "Wifi, mtunzie mwanangu." Nikamjibu, nitamtunzia. Ahadi hiyo nimeivunja nikiwa na akili zangu timamu.

Na kuna jambo baya zaidi. Ningerudishwa kwenye asubuhi ile, ningelifungua tena. Mtu akiomba msamaha husema hatarudia. Mimi siwezi kusema hivyo, na ndiyo maana nikadanganya. Niliona heri uilaumu bahari kuliko uje uniulize, "Unajuta?" nami nikujibu, "Hapana."

Fulana, ndiyo, ni mimi. Hao wanawake hawana kosa. Niliwakalisha sebuleni kama mwalimu mkuu nikawaamuru. Mama wa mikate hakuwepo.

Nakosa nini? Nakukosa wewe. Hilo tu.

Shangazi

* * *

22 Juni

Kwa mdogo wangu wa miwani,

Mimi ndiye mama wa mikate. Hii ni barua ya kwanza kuandika tangu Machi, naiandika nikiwa na miwani yako puani, kwa hiyo makosa yakiwepo ni yangu si ya macho.

Kwanza nikuombe radhi kwa kuropoka pale barazani. Wewe ulikuwa na uso mkavu, mimi nikadhani umenionea mtoto wa jicho unaogopa kuniambia. Nilikwenda kumwuliza kinyozi kama mtoto wa jicho anaua!

Shangazi yako alipopata barua yako ya mwezi wa tano, alikaa jikoni hakupika. Watu thelathini na mmoja na Meneja hapiki, ujue kuna jambo. Tulimbana mpaka akasema. Hatukuwa tunajua, mdogo wangu. Sisi alituambia ni nguo za mgeni wa zamani aliyesahau mizigo, na zile fulana alisema mkubwa wa msaada anakuja kukagua. Ametudanganya sisi pia, basi usijione peke yako.

Siku ya pili tuliyakusanya. Tumeyafua, tumeyaanika, binti wa kinyozi ameyapiga pasi ya mkaa moja moja. Ni kumi na moja, yamo kwenye kifurushi hiki. Yaliyopungua nakupa maelezo, maana una haki. Moja tulilichana vitambaa vya kufungia mguu wa mkwe. Moja limeondoka na yule dada mshona viatu, alihamia kwa kaka yake mbali, alikuwa nalo hilohilo mwilini. Na moja, la zambarau lenye mistari, tulimzikia mke wa kinyozi. Alifariki siku ya tatu, kifua. Aliomba avae kitu kizuri. Hilo hatukuwa na namna.

Mengine utayaona yamebadilika. Hilo la njano nimelipanua ubavuni kwa kipande cha pazia, mimi sina mwili wa mama yako. Nilikuwa nalivaa siku zote, hata tanurini. Nitakuambia kwa nini. Wanakupa chakula cha msaada, blanketi la msaada, hata kijiko kina alama ya msaada. Ila gauni lile lilishonwa na mtu aliyekuwa anampenda atakayelivaa. Unaligundua ukiingiza mkono tu. Nikilivaa nilikuwa najisahau kwamba sina kitu.

Shangazi yako hajui kama tumetuma. Mnyamazie kidogo.

Mama wa mikate

* * *

8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Kuna kifurushi kinarudi kwako na gari la wagonjwa. Ukipokee mwenyewe, kisha waite wanawake wote na kinyozi, uwasomee hii kwa sauti. Isipokuwa aya mbili za mwisho.

Kilipofika, nilikiweka juu ya kabati siku tatu. Nilikuwa bado nimevimba. Jumapili nikakifungua mchana, nikatandika magauni yote kitandani, sakafuni na juu ya mlango wa kabati. Nikaanza kuyakagua kwa hasira, kama mtu aliyeazimisha kitu akarudishiwa kibovu. La kijani lina alama ya pasi. La maua limekatwa pindo. Lile la mikono mirefu halina tena mikono. Na huo mshono wa pazia, mama wa mikate! Mama angeufumua kwa meno.

Kisha nikafanya kile nilichokuwa nafanya nikiwa na miaka kumi na mmoja. Niliingiza uso ndani ya lile la njano.

Sasa na mimi nina la kuungama. Uliwahi kuniuliza kwa nini miaka miwili sikuja likizo, nikasema kazi. Haikuwa kazi. Mara ya mwisho nilipofungua sanduku, hapakuwa na Mama ndani. Kulikuwa na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu, basi. Nilichimba hadi gauni la chini kabisa. Nikafunga, nikarudisha ufunguo, nikala chakula chako nikakusifia, na sikurudi tena kwa sababu sikutaka kujua kwa mara ya pili. Nilikuacha miaka miwili ukilinda kitu ambacho mimi nilijua kimekwisha. Kwa hiyo nilipokulilia kwenye barua ile ya Machi, nilikuwa nalia kweli, lakini sikukuambia yote. Tuko sawa, Shangazi. Au mimi nimezidi.

Hilo la njano sasa linanuka moshi, hamira na jasho la mtu mwingine. Nililishika puani muda mrefu. Halikunuka kama Mama. Lilinuka kama mwanamke aliyetoka kazini. Nikakumbuka kitu ambacho miaka thelathini sijakikumbuka: Mama jioni, anatoka kwenye cherehani, ananivuta kifuani, na mimi namsukuma nikimwambia, "Mama, unanuka jasho!" Naye anacheka na kunikaba zaidi. Mle sandukuni sikuwahi kukikuta hicho.

Mama alikufa na miaka thelathini na minane. Mimi nina arobaini na mmoja, na sijawahi hata siku moja kujaribu gauni lake. Yalikuwa ya kunusa, si ya kuvaa. Nimejaribu la bluu la mifuko. Limenibana mabegani kidogo, kwingine limekaa sawa. Jumatatu nimekwenda nalo kazini. Mhudumu wa mapokezi akaniuliza nimeshonewa wapi, nikamwambia, "Nyumbani." Nimebaki nalo hilo moja.

Kumi yanarudi. Si ya kuazima. La maua ni la binti wa kinyozi, akue nalo. La njano ni lako, mama wa mikate, lipanue utakavyo. Mengine gawaneni bila ngumi. Kinyozi, la zambarau nalikumbuka. Mama alilishona kwa ajili ya kwenda kupiga picha. Nafurahi alilivaa mkeo.

Kuanzia aya hii ni kwako peke yako. Umeniambia hujuti, na kwamba ungelifungua tena. Nimelisoma hilo mara nyingi, kwanza nikiwa na hasira, halafu nikiwa sina. Ungeniandikia kwamba unajuta, ningekusamehe na nisingekuamini tena. Mama alikuambia "mtunzie mwanangu." Nilikuwa nasoma kama vile kitu cha kutunziwa ni magauni. Sasa sijui. Labda hata yeye hakuwa anasema magauni. Ulinitunza.

Likizo yangu inaanza tarehe 4 Agosti. Safari hii sibebi ubao wa herufi. Namba tatu waache waliomo, wachore ukuta watakavyo. Mimi nitalala kwako, kitanda kimoja, upande wa ukutani.

Chiriku wako

* * *

19 Julai

Chiriku wangu,

Nimewasomea. Nilifika katikati nikashindwa, mama wa mikate akaninyang'anya karatasi akamalizia yeye, na hakuruka zile aya mbili za mwisho. Usinilaumu, alikuwa na miwani.

Njoo. Ila ujue siku hizi nageuka sana usingizini na nina mateke.

Shangazi yako